KUTOKA BELESHI HADI CHETI: HISTORIA FUPI YA MHANDISI WA MELI



Katika mikutano yetu ya kila mwaka ni desturi kwamba wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita huja kutuuliza habari za kazi mbalimbali. Maswali ya udaktari, uanasheria na uhasibu hujibiwa upesi, maana wahitimu wa kazi hizo hatuwakosi. Lakini katika mkutano uliopita liliulizwa swali moja ambalo hatukulijibu vya kutosha: je, yule anayeendesha mitambo ya meli ni fundi au ni msomi? Mmoja wetu akasema ni fundi, mwingine akasema ni msomi, na muda ukatuishia. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa serikali ambaye kwa miaka kadhaa nimefanya kazi na majalada ya usafiri wa majini, Mhariri alinitaka niandike jibu. Nimelitafuta jibu hilo katika historia, maana kazi hii haikuzaliwa jana, na sisi watu wa upande huu wa Afrika tumekuwamo ndani yake tangu zamani kuliko wengi wanavyodhani.

NENO LENYEWE “MELI”

Tuanze na lugha yetu. Mababu zetu wa pwani walikuwa na majina mengi ya vyombo: mtepe, dau, mashua, jahazi, na merikebu kwa chombo kikubwa. Neno “meli” ni geni kidogo. Lilitokana na neno la Kiingereza “mail”, yaani barua za posta, kwa sababu vyombo vya kwanza vya moshi vilivyofika kwetu kwa ratiba vilikuwa vile vilivyobeba barua. Mnamo mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za kawaida za posta hadi Unguja. Watu walipouona moshi wake baharini walijua barua zimefika, na chombo kikaitwa kwa jina la mzigo wake.

Jambo hili si dogo. Jahazi huenda na kaskazi na hurudi na kusi. Nahodha wake hungoja upepo, na hakuna amlaumuye akichelewa. Lakini barua za serikali na za wafanyabiashara zina tarehe, wala hazimngojei kaskazi. Tangu siku ile safari ya bahari haikumtegemea tena Mungu na nahodha peke yao. Ilimtegemea pia mtu wa tatu, ambaye abiria hawakumwona, aliyekuwa chini kabisa ya chombo akiangalia moto na maji. Huyo ndiye babu wa mhandisi wa meli wa leo.

MVUKE NA MTU WAKE

Mwaka 1807 Mmarekani Robert Fulton alipeleka chombo cha mvuke katika mto Hudson, kutoka New York hadi Albany, kwa muda wa saa 32. Mwaka 1812 Henry Bell akaanzisha chombo cha namna hiyo, Comet, huko Scotland. Mwaka 1838 meli Great Western ilivuka bahari ya Atlantiki kutoka Bristol hadi New York kwa siku 15. Mwaka 1843 ikateremshwa majini Great Britain, meli kubwa ya chuma iliyosukumwa na rafadha badala ya magurudumu ya ubavuni.

Manahodha wa tanga hawakuwapenda watu wa mitambo. Waliwaona kama wahunzi waliopotea njia, wachafu wa masizi, wasiojua nyota wala mikondo. Kwa miaka mingi fundi wa mitambo hakuhesabiwa kuwa afisa. Alitoka katika viwanda vya Glasgow au Newcastle, akachukuliwa pamoja na injini aliyoitengeneza, kama vile mtu anunuavyo cherehani akapewa na fundi wake.

Lakini mvuke haukuwa mchezo. Boila za mwanzo zilitumia maji ya bahari. Maji yakichemka chumvi hubaki, ikagandamana juu ya bati la boila. Bati likashindwa kupoa, likaiva, likapasuka. Fundi asiyejua alizidisha moto, naye ajuaye alipunguza chumvi kwa kuyamwaga maji ya zamani na kuingiza mapya. Ndipo ikagunduliwa namna ya kuupoza mvuke uliokwisha kufanya kazi, ukarudi kuwa maji matamu na kutumika tena. Boila zikaweza kuvumilia shinikizo kubwa zaidi, na mvuke ule ule ukafanya kazi katika silinda ya kwanza na kisha katika ya pili. Mwaka 1866 Alfred Holt wa Liverpool alitoa meli za namna hiyo, na ziliweza kufika Mauritius, katika bahari yetu hii ya Hindi, bila kusimama njiani kutia makaa. Miaka mitatu baadaye, 1869, mfereji wa Suez ukafunguliwa. Kwa mambo hayo mawili, njia ya moshi kutoka Ulaya hadi pwani yetu ilikuwa wazi.

Kadiri mitambo ilivyokuwa na nguvu, ndivyo kosa la fundi lilivyokuwa la hatari. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewalazimisha manahodha na wasaidizi wao kuwa na vyeti tangu mwaka 1850. Kwa wahandisi sheria ilikuja mwaka 1862: meli kubwa ya mvuke iendayo nchi za nje isiondoke bandarini bila mhandisi aliyefanya mtihani na kupewa cheti. Ili akubaliwe katika mtihani, mtu ilimpasa awe amefanya kazi karakanani na amekaa baharini zamu kwa zamu. Mikono peke yake haikutosha, wala kitabu peke yake hakikutosha. Kanuni hiyo ingali hai hadi leo, na ndiyo itakayotusaidia kulijibu swali letu. Mwaka 1889 wahandisi hao wakaunda chama chao cha kitaaluma huko London, na polepole wakaketi meza moja na maafisa wengine.

WATU WETU MBELE YA TANURI

Sasa tuulize: katika miaka hiyo yote, sisi tulikuwa wapi? Tulikuwamo ndani ya meli, tena mahali penye joto kuliko pote.

Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa katika bahari ya Hindi zilichukua mabaharia wa Kiafrika kutoka Unguja na pwani, ambao Waingereza waliwaita “Seedies”. Baadhi yao walikuwa ni watumwa waliokombolewa. Waliajiriwa pia katika meli za biashara zilizopita Aden na Bombay. Kazi waliyopewa aghalabu ilikuwa ya kuchochea moto: kuchota makaa stoo, kuyasukuma hadi tanurini, kuyatupa ndani kwa beleshi, kukwangua majivu na kuyatoa. Katika bahari ya Shamu joto la mahali pale lilipita nyuzi 40 za Sentigredi, na Wazungu walisema kwamba miili yao haikuweza kulivumilia. Kana kwamba miili yetu ilikuwa ya chuma!

Ndugu zangu, naomba tulitazame jambo hili bila hasira lakini bila kulisahau. Mchochea moto mzuri hakuwa mtu wa nguvu tu. Alijua kutandaza makaa sawasawa ili moto usitobolewe na hewa baridi. Alijua kwa rangi ya moto kama hewa inatosha, na kwa sauti ya boila kama maji yamepungua. Hiyo ni elimu. Lakini ilikuwa elimu isiyoandikwa, na mtihani ulikuwa wa maandishi, kwa lugha ya Kiingereza, katika bandari za mbali, kwa mtu aliyepitia karakana ambazo mlango wake haukuwa wazi kwa Mwafrika. Mtoto wa Glasgow aliyeanza na beleshi aliweza, akijitahidi, kufikia cheti. Mtoto wa Unguja aliyeanza na beleshi alimaliza na beleshi.

Barani pia mitambo ilipita mabegani mwetu. Meli ya wamisionari, Chauncy Maples, iliundwa Scotland mwaka 1899 ikaletwa vipande vipande hadi Ziwa Nyasa, ikateremshwa majini mwaka 1901. Boila yake ya tani 11 haikuweza kugawanywa. Iliwekwa juu ya magurudumu, ikaburutwa na mamia ya Wangoni kupita kando ya maporomoko ya mto Shire, mwendo wa siku nyingi. Jina la meli hiyo limo vitabuni. Majina ya walioivuta boila hayamo.

MELI ILIYOPITA KATIKA RELI YETU

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinahusu reli hii hii inayopita karibu na shule yetu, ambayo wengi wetu tuliipanda kwenda likizo. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kilimaliza meli kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa, ikafunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo masanduku yalipakiwa katika gari moshi hadi Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1914. Mafundi watatu wa kiwanda kile walikuja nayo, mkubwa wao akiwa Anton Rüter. Wakaiunga upya ufukweni pamoja na vibarua wengi wa hapa. Tarehe 5 Februari 1915 ikateremshwa majini kwa jina la Graf von Goetzen, urefu wake mita 71 na zaidi.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1916 Wabelgiji na Waingereza walipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha meli yao isitekwe. Kazi hiyo wakapewa mafundi wale wale walioiunda. Naomba wanafunzi mzingatie walichofanya. Hawakuivunja mitambo kwa nyundo wala kuilipua. Waliipaka injini grisi nzito kila mahali, kisha usiku wa tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi.

Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa majini, na walipoifungua mitambo waliiona bado yafaa kazi. Mei 1927 ilianza safari upya kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke ziliendelea hadi miaka ya 1970, zilipoondolewa na kuwekwa za dizeli. Mwaka 1997 Liemba ilirudisha kwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Wale wakimbizi walivushwa na meli ambayo ilikaa chini ya maji miaka kadhaa, ikapona kwa sababu ya grisi iliyopakwa na mafundi watatu waliokuwa upande wa walioshindwa.

Mimi naiona hapo maana ya uhandisi wa meli. Serikali zilibadilika mara tatu, bendera zikashushwa na kupandishwa, lakini aliyetunza mtambo alimtunzia hata adui yake, na baadaye mjukuu wa yule aliyebeba masanduku.

DIZELI YAFUTA BELESHI

Mjerumani Rudolf Diesel alikamilisha injini yake mwaka 1897. Injini hiyo haina tanuri wala boila. Hewa hubanwa katika silinda hadi ikawa moto sana, mafuta yakinyunyiziwa ndani huwaka yenyewe. Mwaka 1912 ilitoka Copenhagen meli Selandia, iliyosafiri kwa dizeli hadi Bangkok, na watu bandarini walishangaa kuona meli kubwa isiyo na dohani. Mafuta kidogo yalifanya kazi ya makaa mengi, na wachochea moto makumi kadhaa hawakuhitajika tena.

Hivyo dizeli ilimwondolea Mwafrika beleshi mkononi, lakini haikumpa cheti. Katika maziwa yetu Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa na meli nyingi, na MV Victoria iliyoungwa Kisumu ilipoanza kazi mwaka 1961 ilikuwa na injini za dizeli. Hapo ndipo mafundi wengi wa Kiafrika walipojifunza mitambo mikubwa kwa kushika, wakipanda daraja moja baada ya jingine. Baada ya Uhuru nchi zetu zikaingia bahari kuu. Mwaka 1966 Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia zilianzisha kampuni ya pamoja ya meli, na mwaka 1967 Tanzania na China zikaanzisha ya kwao. Ile ya nchi nne haikudumu. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 ilikuwa imekwisha. Ile ya China na Tanzania ikaendelea.

Meli zikiwa zetu, swali la nani aangalie injini halikuweza kuahirishwa tena. Mwaka 1978 kilianzishwa Dar es Salaam kitengo cha kufundisha mabaharia, na mwaka 1991 Bunge likakifanya kuwa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kwa Sheria Na. 22 ya mwaka huo. Mombasa nako chuo cha bandari kikapandishwa mwaka 2018 kuwa chuo cha ubaharia. Na kwa masomo ya juu, tangu mwaka 1983 kipo Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia huko Malmö, Sweden.

Ikumbukwe kwamba mwaka ule ule wa 1978 ulimwengu ulipatana juu ya Mkataba wa STCW, unaoweka kiwango kimoja cha mafunzo na vyeti vya mabaharia. Ulianza kutumika mwaka 1984, ukarekebishwa kwa kina mwaka 1995 na tena mwaka 2010. Kwa mkataba huo, cheti kilichotolewa sawasawa Dar es Salaam chaweza kukubaliwa katika meli ya Norway au Singapore.

ANACHOSOMA NA NGAZI ANAYOPANDA

Anayetaka kazi hii yampasa kwanza awe na fizikia na hisabati nzuri, na kemia isimpige chenga. Chuoni atasoma nadharia ya joto na mvuke, nguvu za vitu, umeme na vyombo vya kujiendesha vyenyewe, uimara wa meli majini, michoro ya kihandisi, na sheria za bahari. Kisha atavaa ovaroli na kuingia karakanani: kuchomelea, kukereza chuma, kufungua pampu na kuifunga tena bila kubakiza nati mezani. Kabla ya kupanda meli atafundishwa pia kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza.

Katika meli kubwa za leo injini ni ndefu kama jengo la ghorofa tatu au nne, huzunguka kama mara 100 kwa dakika na kuizungusha rafadha moja kwa moja. Mafuta yake mazito hugandamana kama lami yakiwa baridi. Lazima yapashwe moto hadi kupita nyuzi 100 na kusafishwa katika mashine zinazozunguka kwa kasi ili maji na taka vitoke. Tangu tarehe 1 Januari 2020 salfa katika mafuta ya meli haitakiwi kuzidi asilimia 0.5 isipokuwa meli yenye mtambo wa kuosha moshi. Maji ya ngama hayamwagwi ovyo baharini. Hupitishwa katika chombo cha kutenga mafuta, yasibaki zaidi ya sehemu 15 katika milioni. Mhandisi huandika kila jambo hilo katika daftari, na daftari hilo hukaguliwa bandarini. Akidanganya, aweza kufikishwa mahakamani.

Ngazi yenyewe ni hivi. Ili apate cheti cha kwanza, cha kushika zamu, mwanafunzi aliyepitia mafunzo yaliyoidhinishwa hutakiwa kuwa na miezi isiyopungua 12 ya karakana na bahari kwa pamoja, na katika hiyo isiyopungua 6 awe ameshika zamu katika chumba cha mitambo chini ya mhandisi mwenye sifa, yote yakiandikwa katika kitabu chake cha mafunzo. Baada ya miezi 12 ya kazi ya uafisa aweza kutahiniwa kuwa mhandisi wa pili. Ili awe mhandisi mkuu wa meli yenye injini kubwa hutakiwa miezi 36, au 24 ikiwa amekuwa mhandisi wa pili kwa muda usiopungua miezi 12. Vyeti vyenyewe huhuishwa kila baada ya miaka mitano, ili mtu asikae juu ya sifa za zamani.

Mtaona basi kwamba kanuni ya mwaka 1862 haijabadilika: darasa na karakana, kitabu na zamu. Mhandisi wa meli ni fundi aliyesoma na ni msomi aliyeshika spana. Akikosa kimoja katika hivyo viwili si mhandisi, ni abiria mwenye ovaroli.

AMANA YA ROHO ZA WATU

Usiku wa tarehe 15 Aprili 1912 meli Titanic ilipokuwa ikizama, taa zake ziliendelea kuwaka hadi dakika chache kabla ya kutoweka. Chini kulikuwa na mhandisi mkuu Joseph Bell na wenzake wakitunza umeme na pampu ili watu wa juu waone njia ya kufikia mashua. Katika wahandisi hao hakuna hata mmoja aliyeokoka.

Sisi tunayo misiba yetu. Wahitimu wa rika langu hatutasahau mwezi Mei 1996. Tarehe 21 meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na habari ikatufikia shuleni kwa redio ya mwalimu wa zamu. Mamia ya watu walikufa, taifa likaomboleza siku tatu, na mabwenini walikuwamo wenzetu wa Kagera waliokaa wakingoja majina. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa akiwa hai fundi mmoja wa mitambo, aliyekuwa amejihifadhi mahali penye hewa ndani ya kivuko kilichopinduka.

Misiba hiyo haikuletwa na injini peke yake. Mizigo na abiria kupita kiasi vilikuwamo. Lakini inatufundisha kwamba chombo cha majini kinahitaji watu wenye elimu ya kujua hatari na cheo cha kuweza kusema “hatuondoki”. Mtu aliyeokotwa gatini hawezi kumwambia mwenye chombo neno hilo. Mwenye cheti analiweza, maana cheti chake kinambana na pia kinamlinda.

LILILOBAKI KWETU

Nimalizie kwa jambo linalonikera. Tumepata vyuo, tumepata mkataba, tumepata vijana. Lakini nchi zetu zina meli chache, na kijana amalizapo darasa hana meli ya kumpa ile miezi ya zamu. Mtoto wa dada yangu ni mmoja wao. Alifaulu vizuri, akaandika barua kwa kampuni nyingi, na wakala mmoja akamtaka fedha ambazo ukoo wetu mzima usingeweza kuzichanga. Aliponijia aliniambia, “Shikamoo Mjomba. Darasa nimemaliza, bahari ndiyo iliyonikataa.” Hatimaye amepata nafasi katika meli ndogo ya mizigo iendayo visiwani. Sasa ana miezi saba, anadaiwa mitano.

Tazameni basi mzunguko wa historia. Babu zake walikuwa na tanuri lakini walinyimwa darasa. Yeye amepewa darasa, tanuri ndilo halionekani. Kwa namna zote mbili cheti kinabaki mbali.

Kwa hiyo nawaomba wahitimu wenzangu mambo mawili. Miongoni mwetu wamo wanaofanya kazi bandarini, katika vivuko, katika uwakala wa meli na katika kampuni zenye vyombo vya gesi na mafuta. Kila mmoja na aseme neno kwa kijana mmoja, ili apate nafasi ya mafunzo kwa njia halali. Pili, Kamati ya wahitimu iandike orodha ya vijana wetu waliomo vyuo vya bahari na wanaongoja meli, isomwe katika kila mkutano kama tusomavyo hesabu za fedha. Deni lisilosomwa hadharani halilipwi.

Na ninyi wanafunzi, msiikimbie karakana ya shule kwa kuona ni mahali pa walioshindwa masomo. Jifunzeni kuogelea. Someni fizikia kwa kuuliza mtambo unafanyaje kazi, msikariri kanuni tu. Mkifika wakati wa kutafuta meli, kumbukeni kwamba Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza wakala kumtoza baharia fedha ili ampe kazi. Ulizeni kwanza kwa mamlaka ya serikali kama wakala huyo ana leseni.

Februari 2023 iliteremshwa majini huko Mwanza meli mpya ya urefu wa mita 92, ya kuchukua abiria 1,200. Iliundwa papo hapo katika chelezo chetu, na sehemu nyingi za mitambo yake zilitoka ng’ambo kama zilivyotoka zile za Liemba. Mitambo hiyo itahitaji watu wa kuitunza kwa miaka 40 au 50 ijayo, usiku na mchana, zamu kwa zamu. Baadhi ya watu hao wangali katika kidato cha tatu hivi leo, na sioni sababu kwa nini wasiwe wa shule hii.